Dada yangu yuko Uingereza tangu 2006, pasipoti imekufa. Eti aliyehamia moja kwa moja hana haki ya kupata nyingine?

Mjomba wa Yombo (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Niende moja kwa moja. Dada yangu mkubwa, tumbo moja, aliondoka hapa Dar 2006 kwenda Uingereza. Yuko Leicester, anatunza wazee kwenye nyumba za kulelea. Ana kibali cha kuishi kule bila kikomo, watoto wawili wamezaliwa huko huko. Mara ya mwisho kukanyaga Yombo ni 2014, Baba alipofariki. Alikaa miezi miwili akarudi.

Pasipoti yake ni ya zamani, ilitolewa 2011. Kumbukeni kile kitabu cha zamani kilizimwa Januari 2020 baada ya kuja hii ya kielektroniki, ile aliyoizindua Magufuli pale Kurasini tarehe 31 Januari 2018. Yeye wakati huo hakuwa na safari, akaona ya nini nipoteze siku ya kazi. Muda ukapita, ikaja korona, ikapita, kitabu kikaisha na tarehe yake pia. Sasa Mama anaumwa miguu na sukari imeanza kumsumbua, dada anataka kuja. Hana cha kusafiria.

Kinachonileta hapa ni hiki. Jumamosi nilikuwa kijiweni, nikalieleza jambo hili. Mzee mmoja tunayemheshimu, ambaye zamani alikuwa baharia, akasema kwa uhakika kabisa: "Huyo si Mtanzania tena. Ukishapewa makazi ya kudumu kwa wazungu na ukakaa zaidi ya miaka saba bila kuripoti ubalozini, uraia umeanguka wenyewe. Pasipoti ni ya mtu anayeishi nchini." Kijiwe kizima kikatikisa kichwa. Nilirudi nyumbani sina raha. Sijamwambia Mama.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Sitaki siasa.

Siti ya Mbele

Nimeweka jamvi langu hapa, na kashata. Mabaharia wana elimu yao, ila hiyo ya uraia mimi napita kimya kimya.

Mtoto wa Keko

Miaka yote hiyo yuko kwa Mfalme anakula bata, leo anakumbuka pasipoti ya Bongo? Si achukue ya huko. Mnatusumbua tu.

Boksi Halina Mwenyewe

@Mtoto wa Keko bata gani, ndugu? Kutunza wazee ni kuamka saa kumi alfajiri kwenye baridi unaenda kumgeuza mtu wa kilo mia kitandani. Mimi niko Houston, nimebeba maboksi tangu George Bush yuko madarakani. Hilo bata hatujaliona, labda limepita upande wa Dallas.

Mleta uzi, mzee wako wa kijiweni amechanganya mafaili. Ngoja wenye sheria waje, ila mimi nina grini kadi mwaka wa kumi na tatu na pasipoti yangu ya kielektroniki ya Tanzania ninayo, nimeipata nikiwa huku huku. Hakuna aliyeniuliza nimekaa miaka mingapi. Waliniuliza kama nimechukua uraia wa Marekani. Maswali mawili tofauti hayo.

Karani Mstaafu

Mjomba wa Yombo, marahaba mwanangu. Nimefanya kazi za makaratasi ya serikali miaka mingi, macho yamechoka lakini hili nitakuandikia taratibu kwa sababu uvumi huu nimeusikia tangu miaka ya tisini na una chanzo chake.

Anza na pasipoti yenyewe. Inatolewa chini ya Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002, na sifa ya kwanza na kubwa ya kuipata ile ya kawaida ni kuwa raia wa Tanzania. Sheria haimtaki mtu awe anaishi Tanzania. Ingekuwa hivyo balozi zetu zisingekuwa na dirisha la pasipoti. Kwa hiyo swali la "ana haki ya pasipoti?" ligeuze liwe "bado ni raia?". Ukijibu hilo la pili, la kwanza limejijibu.

Uraia wetu uko kwenye Sheria ya Uraia, Namba 6 ya mwaka 1995. Kuna raia wa kuzaliwa, raia wa kurithi, na raia wa tajnisi. Dada yako, kama alizaliwa hapa na wazazi Watanzania, ni wa kuzaliwa. Raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kukaa nje, hata akae miaka hamsini, hata awe na kibali cha kudumu cha nchi gani. Anaupoteza kwa njia mbili ambazo mimi nimeziona zikitokea: aukane mwenyewe kwa maandishi, au, akiwa ametimiza miaka 18, achukue kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine. Hilo la pili ndilo linalowamaliza wengi.

Sasa mzee wenu wa kijiweni hakuokota jalalani. Sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachompa Waziri uwezo wa kumvua uraia mtu wa TAJNISI, yaani mgeni aliyeomba akapewa, endapo atakwenda kuishi nje miaka mfululizo bila kujiandikisha ubalozini kila mwaka kwamba bado anautaka uraia wetu. Ni kifungu chenye harufu ya enzi za mkoloni, nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza zilirithi kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo habari ya "kuripoti ubalozini" ni kweli ipo, lakini haikuandikwa kwa ajili ya binti aliyezaliwa Temeke. Na hata huyo wa tajnisi hauanguki wenyewe. Lazima uamuzi utolewe.

Swali moja tu kwako, na umuulize kwa upole kwa sababu watu huwa wanaona aibu: amekula kiapo cha kuwa Mwingereza?

Mjomba wa Yombo

Mzee Karani, Mungu akuongezee macho. Nimempigia sasa hivi. Hajala kiapo. Anasema maombi ya uraia kule yanazidi pauni 1,500 kwa mtu mzima mmoja, akiwa na hela hiyo anamalizia nyumba Kibada. Halafu Baba alimwambia kabla hajafa, "ukirudi na kitabu cha wazungu usipite mlangoni kwangu." Kwa hiyo amekaa na kibali tu.

Karani Mstaafu

Basi lala usingizi. Ni raia. Kilichobaki ni makaratasi, na hayo ndiyo yatakutoa jasho wewe uliyeko Dar kuliko yeye aliyeko Leicester.

Mama Tausi wa Oslo

Nimesoma hapa machozi yananilengalenga. Mleta uzi mwambie dada yako asije akafanya niliyoyafanya mimi.

Norway walikuwa hawaruhusu uraia wa nchi mbili. Tarehe 1 Januari 2020 wakaruhusu. Sisi Wabongo huku tulishangilia kama timu imepanda daraja. Kwenye magrupu ya WhatsApp ilikuwa ni "jamani sasa tunachukua na tunabaki na ya kwetu". Mimi na akili zangu, mtu mzima, nikaomba, nikapewa, nikapiga picha na bendera ndogo na keki.

Mwaka uliofuata nikaenda ubalozini kubadilisha kitabu cha Tanzania. Kijana wa dirishani akaniomba kibali changu cha makazi. Sina kibali, kibali cha nini na mimi ni Mnorwe! Nikatoa pasi ya Norway kwa kujiamini. Akaiangalia, akaniangalia, akasema "Mama, pole." Alisema kwa adabu sana, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Norway walichoruhusu ni kwamba WAO hawakulazimishi kuacha uraia wa zamani. Hawana uwezo wa kuiambia Tanzania ibaki na wewe. Mlango una komeo mbili, mmoja kafungua ya kwake, ya kwetu bado imefungwa.

Sasa hivi nikija kwa mama yangu Bunju nalipa viza dola 50. Kwa mama yangu. Na nikizidisha siku tisini natafuta maelezo.

Boksi Halina Mwenyewe

Dola 50 ni nafuu dada. Mwenye kitabu cha Marekani analipa 100. Nina rafiki yangu Mchagga alilipa 100 kwenda kuzika Rombo. Anasema alipofika dirishani pale KIA alitamani kuongea Kichagga wamwonee huruma.

Mtu wa Stuttgart

Samahanini, naomba kuuliza hapa hapa. Ujerumani nao wameruhusu tangu tarehe 27 Juni 2024, kabla ya hapo ilibidi utoe uraia wako kwanza. Ina maana ni yale yale ya Mama Tausi?

Mama Tausi wa Oslo

Yale yale, mdogo wangu. Keki usinunue.

Karani Mstaafu

Ndiyo. Sweden waliruhusu 2001, Denmark 2015, na kila mara nimeona wimbi la watu wetu wanaokimbilia kiapo halafu wanakuja kushtuka kwenye dirisha la pasipoti. Majirani zetu Wakenya waliruhusu kwenye Katiba yao ya 2010, Rwanda na Uganda wanaruhusu kwa masharti yao. Mtanzania anakaa meza moja na Mkenya huko ughaibuni, anamwona ana vitabu viwili, anadhani na yeye anaweza. Hapa kwetu jambo hili lilijadiliwa sana wakati wa mchakato wa katiba, na ile Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliishia kwenye "hadhi maalumu" kwa wenye asili ya Tanzania. Uraia pacha haukupita.

Siti ya Mbele

Hiyo hadhi maalumu si ndiyo imekuja sasa? Mbona watu wanasema ukiwa nayo unapewa pasipoti?

Karani Mstaafu

Hapana, na naomba hili lisambae. Hadhi Maalumu ni kwa mtu ambaye SI raia tena, au mtoto wa aliyekuwa raia. Imegusa sheria ya uhamiaji na sheria ya ardhi, inampa nafuu ya kuingia na kukaa na mambo ya mali. Haimpi uraia, kwa hiyo haimpi pasipoti. Mama Tausi inamfaa. Dada wa Mjomba wa Yombo haimhusu, yeye anacho kilicho kikubwa zaidi.

Na Mama Tausi, kama unataka kurudi kuwa raia kamili, njia ni ileile ya mgeni: kuomba tajnisi. Sheria inataka uwe umekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi kabla ya hapo uwe umekaa jumla ya miaka saba. Huwezi kuifanya kwa likizo za Desemba.

Mama Tausi wa Oslo

Miaka saba! Mzee, na ile ya Norway ningeiacha. Ngoja nifikirie nikiwa nimekaa.

Mgeni Njoo

Msiogopeshane. Mimi nina vyote viwili mwaka wa sita. Natoka huku na cha kwao, nikifika JNIA natoa cha kwetu, napita dirisha la raia, karibu nyumbani. Nani atajua?

Karani Mstaafu

Kijana, unaandika haya kwenye jukwaa ambalo kila mtu anasoma. Pasipoti ya Tanzania ni mali ya Serikali, wewe unashikishwa tu. Kutoa taarifa za uongo ili uipate au uendelee nayo ni kosa la jinai. Siku moja afisa atafungua kurasa zako aone hakuna mhuri wa kutoka kule ulikotoka wala viza ya kukaa huko, atakuuliza ulikuwa unaishi wapi, hewani? Na ukiwa na kiwanja kwa jina lako, kuna ndugu ambaye siku mkigombana atajua pa kwenda kusema.

Mtoto wa Keko

Hilo la ndugu ni kweli tupu 😂 Bongo ndugu ndiye uhamiaji.

Mjomba wa Yombo

Kuhusu kiwanja, mzee fafanua maana dada ana hicho cha Kibada na ndio roho yake ipo pale.

Karani Mstaafu

Sheria ya Ardhi ya 1999: asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake. Leo dada yako ni raia, hati yake iko salama. Akila kiapo kesho, jina lililoko kwenye hati linakuwa jina la mgeni. Hiyo nafuu ya Hadhi Maalumu niliyoitaja ndiyo inakuja kupunguza makali hapo, lakini kupunguza makali si sawa na kutokukatwa.

Kobe wa Changuu

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja. Nimesoma yote, nataka kuongeza moja kwa ndugu zangu wa visiwani walioko Oman, Dubai na kwengineko. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, sheria ni moja, pasipoti ni moja. Lakini cheti cha kuzaliwa si kimoja. RITA, wale wa usajili wa vizazi huko bara, hawana faili la mtu aliyezaliwa Mnazi Mmoja ya huku. Cha kwetu kinatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kuna mtu namjua alimtuma shemejiye azunguke Dar wiki mbili kutafuta cheti ambacho kiko hapa Unguja. Wallahi.

Na ZanID, kile kitambulisho chetu cha Mzanzibari, si cheti cha kuzaliwa, yakhe. Usiende nacho ukadhani umemaliza.

Boksi Halina Mwenyewe

Kuna jambo hamligusi na kila mtu wa huku analijua. Waliojilipua.

Kwa wasiojua lugha hiyo: miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni kuna ndugu zetu walifika Ulaya wakasema wao ni Warundi au Wasomali wanakimbia vita, wakapewa ukimbizi kwa jina lingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Kujilipua. Wengine wakawa raia wa huko kwa majina hayo hayo. Leo wana miaka hamsini na tano, wazazi wanakufa nyumbani, hawawezi kuja. Nina kaka yangu wa mtaani yuko Manchester, mama yake alizikwa Ilala yeye anaangalia kwenye simu. Mtu kama huyo pasipoti anapataje?

Karani Mstaafu

Nimekaa na swali hili tangu jana usiku.

Sitamfundisha mtu kughushi na sitamhukumu aliyekuwa na miaka ishirini na njaa. Nitasema hivi tu. Kama bado ni mkimbizi kwenye karatasi, siku atakapochukua pasipoti ya Tanzania anawaambia waliompa hifadhi kuwa hakuwa na haja nayo. Ule Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema ukijirudisha kwa hiari kwenye ulinzi wa nchi yako, ukimbizi umekoma. Kwao atakuwa ameungama mwenyewe, na kwa jina lingine juu yake. Kama ameshakuwa raia wa huko, basi yuko na Mama Tausi, jina lolote lile aliloapia. Alama za vidole hazijui kusema uongo hata mwenyewe akitaka. Aende kwa mwanasheria wa huko huko anakoishi kabla hajagusa fomu ya nchi yoyote. Asianzie ubalozini.

Boksi Halina Mwenyewe

Nimekuelewa mzee. Nitamfikishia.

Mjomba wa Yombo (mrejesho wa kwanza)

Wakuu, nimezunguka wiki mbili, nawaletea.

Cheti cha kuzaliwa cha dada cha mwaka 1982. Mama alikuwa nacho kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Tumefungua kopo, mchwa wamekula upande mzima wa kulia. Jina la Baba limebaki nusu. Mama akakaa kimya, akasema tu, "Hata hawa wanataka kusafiri."

Nikaenda mjini RITA kuomba kingine. Kumbe siku hizi unaanzia mtandaoni kwenye eRITA, ule mfumo ambao wanafunzi wanahakikia vyeti kuomba mkopo wa Bodi. Kijana wangu wa Fomu Foo ndiye alinifungulia akaunti, mimi nilikuwa nashika simu kama nimeshika yai. Kwa sababu namba ya cheti ilikuwa upande ambao mchwa hawakufika, tuliokoka.

Shida ya pili, jina. Kwenye cheti limeandikwa na "u" mwishoni, kwenye pasipoti ya 2011 halina "u". Herufi moja! Shuleni pia halina. Mkosaji ni sisi wenyewe nyumbani, tulikuwa tunaandika tunavyotamka.

Shida ya tatu ilinipa presha, kitambulisho cha NIDA. Nikasema hapa tumekwama, ameondoka 2006 hakukuwa na NIDA. Mama akacheka. Kumbe 2014 kwenye msiba wa Baba, mjumbe alipita akawaambia wote waliopo wakajiandikishe, na dada alikwenda na khanga yake ya msiba. Kitambulisho kilipotoka Mama alikichukua akakitia kwenye kopo hilo hilo. Mchwa hawali plastiki. Sura ya dada kwenye picha imevimba kwa kulia.

Sasa nje ya ofisi moja mjini nilikutana na jamaa nadhifu, ana begi la ngozi. Akasema nimpe laki mbili na nusu, hilo la "u" analimaliza na pasipoti ya dada inatoka hapa hapa Dar bila yeye kuwepo, mimi nitaituma kwa DHL. Nimemwambia nakuja kesho. Niende?

Siti ya Mbele

USIENDE. Huyo ni kishoka, wanajua kuvaa.

Karani Mstaafu

Mwanangu, pasipoti ya kielektroniki ina alama za vidole za mwenyewe. Vidole vya dada yako viko Leicester. Huyo jamaa ataviweka vya nani, vyake?

Hilo la "u": mwanasheria wa karibu akuandalie kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ila mtu wa kuapa ni mwenye jina, si wewe. Mtumie dada ujumbe aulize ubalozini wanakubali kiapo cha namna gani, cha huko au cha huku, kabla hujatoa hela. Halafu achague jina moja, alishike mpaka kaburini. Mwambie achague lile ambalo kibali chake cha Uingereza kimelibeba, vinginevyo unatengeneza Temeke na kubomoa Leicester.

Asisahau na nyaraka za uraia wa mzazi, cheti cha kuzaliwa cha Mama au kiapo chake. Watu huwa wanafika na vya kwao wenyewe tu, wanarudishwa.

Kobe wa Changuu

Na picha. Wanataka nyuma pawe na rangi ya buluu ya maji. Studio za Ulaya wamezoea nyeupe.

Mwuguzi wa Reading

Niongeze la huku Uingereza. Zile kadi za makazi za plastiki ziliisha muda mwisho wa Desemba 2024, sasa hivi kila kitu ni eVisa, iko mtandaoni na inaunganishwa na namba ya pasipoti. Dada yako akishapata kitabu kipya aingie kwenye akaunti yake aweke namba mpya KABLA hajapanda ndege. Mwenzangu hapa kazini alikwenda Mwanza na pasipoti mpya ambayo haijaunganishwa, wakati wa kurudi shirika la ndege likamkalisha pembeni kwa sababu mfumo haumwoni. Alirudi siku nne baadaye.

Jingine, asidanganyike kuja na hati ya dharura. Ile inakufikisha nyumbani. Kukurudisha Uingereza ni habari nyingine.

Mjomba wa Yombo

Huyo wa begi la ngozi kapiga simu mara sita leo. Simpokei.

Mwuguzi, ahsante sana, hilo la eVisa dada hakuwa analijua kabisa.

Na watoto wake je? Mkubwa ana miaka kumi na saba, kazaliwa Leicester dada akiwa ameshapata kibali. Ana pasi ya Uingereza. Dada anataka amwombee na ya Tanzania waje pamoja.

Karani Mstaafu

Mtoto aliyezaliwa nje na mama ambaye ni raia wa kuzaliwa ni raia wa Tanzania kwa kurithi. Mtoto anaruhusiwa kuwa na vyote viwili, hapo sheria yetu haina ugomvi naye. Lakini akitimiza 18 anatakiwa achague. Akitaka kubaki na chetu lazima aukane ule mwingine. Ana miaka 17, kwa hiyo mnamwombea kitabu ambacho hata hajakizoea ataambiwa aamue. Sisemi msifanye. Nasema mumkalishe chini mumweleze, ni mtu mzima sasa.

Na jua hili: huyo mtoto akibaki Mtanzania halafu azae huko nje, uraia wa kurithi haurithishwi tena. Mjukuu wa dada yako hatakuwa Mtanzania kwa njia hiyo. Unakwenda hatua moja tu nje ya mipaka.

Mama Tausi wa Oslo

Kwa hiyo mimi wangu waliozaliwa kabla sijaapa?

Karani Mstaafu

Sheria inaangalia mzazi alikuwa nani siku mtoto anazaliwa. Ulikuwa raia wa kuzaliwa siku hiyo, basi wana haki yao mpaka wafike umri wa kuchagua. Una vyeti vyao na kopi ya pasipoti yako ya zamani?

Mama Tausi wa Oslo

Kopi ninayo. Sikuitupa. Sijui kwa nini sikuitupa.

Mjomba wa Yombo (mrejesho wa pili)

Wakuu, miezi imepita, samahanini kwa ukimya.

Dada alipanda treni asubuhi kwenda London, akafika ubalozini na bahasha yake. Fomu alishajaza mtandaoni na kulipia. Jina amebaki na lile lisilo na "u". Kiapo alikipeleka, vidole vimechukuliwa, amerudi zamu ya usiku siku hiyo hiyo. Baada ya wiki kadhaa akaitwa kuchukua. Namba ameshaiweka kwenye eVisa, mwuguzi ubarikiwe. Tiketi imekatwa ya tarehe za mwanzo wa mwezi ujao.

Mzee wa kijiweni nilimsomea maneno ya Mzee Karani, neno kwa neno. Akasikiliza, akasema, "Mimi nilikuwa naongelea wa tajnisi." Kijiwe kizima kikatikisa kichwa tena.

Kijana mkubwa hatukumwombea. Alisomewa yote kwa simu na mama yake, akauliza: "Nikichagua ya Tanzania, nitaishi wapi nikiwa nasubiri viza ya kurudi nyumbani?" Nyumbani anamaanisha Leicester. Dada hakumjibu. Atakuja na pasi yake ya Uingereza, tutamlipia dola 50. Nimeshamwambia Mama asimuulize habari hiyo mlangoni, amwache ale kwanza.

Mtoto wa Keko

Mjomba, hizo dola 50 mimi nachangia elfu kumi. Nitumie namba.